Dar hadi Pemba kwa ndege ndogo, nikiwa na bibi anayeogopa kupanda

Nimesafiri na bibi yangu mzaa mama kutoka Dar es Salaam kwenda Pemba kwa ndege ndogo ya abiria 12, asubuhi ya siku ya kazi, mwezi wa Agosti, kusi likiwa limechachamaa. Naandika kwa ajili ya yeyote mwenye mzee wa kumsafirisha ambaye akisikia tu neno ndege viganja vinamtoka jasho. Nauli na saa za kuondoka mtaziona kwenye matangazo ya kampuni. Ninachotaka kukisema ni namna watu wa kampuni hii walivyomtania mtu mwenye hofu. Mmoja alimtania nusura tughairi safari, mwengine akamtania mpaka bibi akashuka Pemba anacheka. Jina la kampuni siliweki hapa, wenyewe nimeshawaandikia.

Bibi ana miaka 74. Alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kuja alikuja kwa boti kama kawaida yake. Kurudi ndiko kulikokuwa na mtihani. Daktari alimwambia wiki za mwanzo asiiname, asibebe kizito, asijikaze, na kutapika nako kunalikaza jicho. Mwenye kuijua bahari ya Agosti hahitaji kuelezwa zaidi. Boti ya Dar hadi Unguja ni saa mbili hivi, halafu ushike chombo chengine hadi Pemba, na vifuko vya kutapikia huanza kugawiwa hamjaliacha gati. Bibi yangu hutapika hata bahari ikiwa imelala kama maziwa ndani ya kombe. Nikamkatia tiketi ya ndege.

Alikuwa hajapanda ndege maisha yake yote, na hofu yake ina asili. Meli ya Spice Islander ilipozama mkondo wa Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, mtaani kwetu Wete kulikuwa na matanga nyumba hadi nyumba. Wapo waliozikwa, wapo ambao hata maiti zao hazikuonekana. Mwaka uliofuata, Julai, ikazama Skagit karibu na Chumbe. Tangu hapo bibi anasema chombo chochote kinachobeba watu kina siku yake. Boti anaipanda kwa kuwa hana budi na kwa kuwa ameizoea. Ndege hana mazoea nayo. Usiku kabla ya safari alikaa kitandani kwangu, miguu haigusi chini, akaniambia, "Chombo kikizama mtu anaweza kupata ubao akaushika. Juu kule miye nitashika nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimkanda miguu mpaka akalala.

Kulipokucha tukaenda uwanja wa Julius Nyerere, lile jengo la kwanza la zamani wanakoondokea wenye ndege ndogo. Msiende kwenye jengo jipya la tatu mkajichosha bure. Dereva wetu alikosea, na bibi akaanza kuhesabu hiyo kuwa ndege mbaya kabla hajaiona ndege yenyewe.

Pale kaunta wanapima mzigo, mwisho kilo 15 kwa mtu, halafu wanakupima na wewe. Mimi nilijua, bibi hakujua, na hakuna aliyemweleza. Aliambiwa tu, "Bibi, panda hapa." Akapanda na makubadhi yake na buibui, mkoba kaukumbatia. Kijana wa mizani, umri wake si zaidi ya miaka 25, akasoma namba kwa sauti ya mnada. "Kilo 81! Ee bibi, ukizidi hapo tutakushushia pale katikati ya bahari." Wenzake wawili wakacheka.

Bibi hakucheka. Akauliza polepole, "Baba, hiyo ndege ina mashine ngapi?"

"Moja tu bibi, na leo imeamka na mafua." Wakacheka tena. "Lakini kuogelea si unajua?"

Nataka mlione alichofanya bibi, maana ndicho kilichonifanya niandike. Alishuka kwenye mizani mguu mmoja mmoja. Kadi ya kupandia alikuwa ameshapewa. Akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kaunta mbele ya yule kijana, akaenda kukaa kwenye benchi la ukutani. Akavuta ushungi mpaka ukamfunika kinywa. Mkononi alikuwa na tasbihi yake ya mbegu, akawa anaizungusha bila kuhesabu, punje zinapita mbili mbili, tatu tatu. Nilipokaa pembeni yake akasema, "Mke mwenzangu, nirudishe nyumbani kwako. Jicho likiharibika na liharibike." Mke mwenza ndivyo anavyoniita tangu nilipojua kutembea, kwa kuwa mjukuu wa kike na bibi yake mume wao ni mmoja, babu.

Nilirudi kaunta nikamwambia kijana, "Kaka, huyu anatoka Pemba. Unajua Pemba tumezika wangapi waliokufa maji?" Uso wake ulibadilika. Akasema, "Dada, nilikuwa namtania tu. Niliona anaogopa, nikataka kumchangamsha."

Namwamini. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile na bado namwamini. Kijana hakuwa mkatili, alikuwa amejitwalia haki isiyokuwa yake. Sisi ni watu wa utani, na utani kwetu una mlango wa kuingilia. Mpare humtania Mchaga na Mzaramo humtania Mnyamwezi kwa sababu wazee wao walikwisha kuufungua huo mlango zamani, na mtani huyo huyo anayekuchekesha msibani, anayeruka kaburini akidai apewe chochote ndipo atoke, ndiye atakayebeba na kuzika. Ana kazi msibani, ndiyo maana ana ruhusa ya kucheka. Mjukuu na bibi nao vivyo hivyo. Namwita mke mwenza, nampiga vijembe kwa uzee wake, naye ananipiga kwa upishi wangu, lakini ni mimi ninayemkanda miguu usiku. Kijana wa mizani hakumwamkia. Hakusema shikamoo, hakumuuliza ametoka wapi, hakumwambia mizani ni ya nini. Alifika moja kwa moja kwenye kifo na bahari, kwa mtu ambaye bahari imewachukua majirani zake. Kwa mtu mwenye hofu, mzaha wa mgeni ni habari. Bibi alisikia: ndege ni mbovu, wenyewe wanajua, na wanacheka.

Aliyetuokoa kwanza alikuwa mama mmoja msimamizi wa zamu, mwenye mtandio wa buluu. Alikuwa ameyaona yote kutoka mlangoni. Hakumkemea kijana mbele za watu, alimwambia neno moja sikioni, kijana akaacha mizani akaenda kupanga mizigo. Halafu akaja kwetu, akamwamkia bibi, akasema, "Nipe dakika tano, bibi yangu. Nikuletee mwenye chombo."

Nilidhani ataleta meneja. Akamleta rubani.

Alikuwa kijana pia, pengine miaka 30 na kitu, shati jeupe lenye mistari mabegani, kofia kaishika mkononi. Alichuchumaa mbele ya benchi mpaka uso wake ukawa chini kidogo ya uso wa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Neno moja tu, kavu.

"Bibi kwenu wapi?"

"Wete."

"Aaa. Miye bibi yangu wa Mkoani."

"Mkoani kwa nani?"

Akamtajia ukoo. Bibi akaushusha ushungi kidogo kinywani, akasema anawajua, mmoja wao aliwahi kuja kuchuma karafuu kwao. Basi rubani akasema, "Kumbe wewe ni bibi yangu hasa. Na bibi ni mke. Sasa mke wangu, nimeambiwa hutaki kupanda chombo changu. Nimekukosea nini?"

"Miye n'shaolewa."

"Na nani?"

"Na babu yako."

"Hajambo babu?"

"Kafa. Mwaka wa tisa huu."

Rubani akainamisha kichwa. "Mungu amrehemu." Akanyamaza kiasi cha mtu kuvuta pumzi. Halafu akainua macho. "Basi eda ishakwisha."

Bibi alicheka. Alicheka mpaka akajishika jicho lenye plasta, nami nikaingiwa na hofu ya daktari. Lakini tazameni alivyoingia yule kijana. Kaamkia, kauliza kwao, kataja kwao, kajifanya mjukuu kwa idhini ya mwenyewe, karehemu maiti, ndipo akatania. Na mzaha wake haukugusa ndege wala bahari. Uligusa kitu ambacho bibi ni hodari nacho, kujibu wajukuu.

Hofu ilikuwa bado ipo, bila shaka. Bibi alimuuliza swali lile lile. "Chombo chako kina mashine ngapi?"

"Moja. Sikufichi." Akamweleza kuwa injini ya ndege ile si kama ya gari, haina pistoni zinazopanda na kushuka, ni tabini, inazunguka tu kwa upande mmoja kama pangaboi la msikitini. "Na ikizima?" bibi akauliza. "Ikizima, mke wangu, ndege haidondoki kama nazi. Ina mbawa. Umemwona mwewe anapoacha kupiga mbawa? Anateleza na upepo. Na sisi tutateleza hivyo hivyo, mimi nikitafuta pa kukaa. Wakubwa wangu hunifanyisha mtihani wa jambo hilo hilo, na nisipopasi hawanipi ndege."

"Na mizani ya nini? Yule kanisoma kilo zangu kama gunia."

"Mizani ni yangu miye. Lazima nijue uzito wote na ukae wapi, kama nahodha wa ngalawa anavyowapanga watu. Uzito wako naukusudia. Usipokuja itanibidi nitie farumi."

Neno farumi ndilo lililomaliza kazi. Bibi ni binti wa nahodha. Alikua akiona watu wakitia mawe na mchanga kwenye jahazi tupu ili lisiyumbe, na sidhani kama alikuwa amelisikia neno lile kwa kijana yeyote miaka hii. Alimgeukia msimamizi akasema, "Huyu katoka pwani kweli." Akanyoosha mkono kudai kadi yake. Ilikuwa bado pale kaunta, imekunjwa.

Kabla hajaondoka rubani alimwambia mambo atakayoyasikia njiani, na hapa ndipo nawaomba makampuni yote yasikilize, maana jambo hili halina gharama. Alisema: tukianza kuruka kitakusukuma nyuma na kelele itakuwa kubwa, huo ndio wakati injini inafanya kazi yake yote. Tukitoka nchi kavu kuingia bahari, na tukipita mawingu, kitatikisika kama gari kwenye barabara ya vumbi, hewa ina makorongo yake. Tukikaribia kushuka injini itanyamaza. "Haijafa. Inataka kusikia mnamsengenya nani huko nyuma." Na tukikaribia kugusa chini kutalia king'ora kidogo, piii. "Kile kinaniambia ndege imechoka kuruka, inataka kukaa. Na wakati huo ndicho ninachokitaka."

Nilikuja kusoma baadaye kwamba British Airways ina mafunzo ya siku nzima kwa watu wanaoogopa ndege, marubani wakikaa nao darasani kuwaeleza kila sauti na kila mtikisiko, kisha wanapandishwa ndege ya kweli. Bibi alipata darasa hilo kwenye benchi la mbao kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, kwa lugha yake.

Ndege yenyewe ni Cessna Caravan. Mbawa zake ziko juu, kwa hiyo kila dirisha linaona chini, na hilo ni zuri kwa mtalii na gumu kwa mwenye hofu. Mnapanda kwa ngazi ya mlango wa nyuma. Daraja la kwanza liko juu kwa mzee, na kamba ya kushikia inalegea. Wangeweka kigoda pale chini. Mhudumu wa uwanjani alimshika bibi kiwiko, sawa, lakini kigoda ni bora. Bibi alipofika karibu akaona chuma kimeegemezwa chini ya mkia. Akasimama. "Mbona wameipiga mwega? Inaanguka hii?" Rubani alikuwa anaizunguka ndege akikagua, akamsikia. "Huo mkongojo wake, bibi, kama wako. Mnapanda wote kwa nyuma, mkia ukalemewa. Mkishakaa tunauondoa." Na kweli tulipokaa wote tukaona kijana anauchukua chuma na kwenda nacho. Bibi alikifuata kwa macho mpaka kilipowekwa ukutani.

Tulikaa viti vya nyuma ya rubani. Nafasi ni finyu, magoti yangu yaligusa kiti cha mbele, na choo hakuna, kwa hiyo mpelekeni mzee msalani kabla. Kelele ni kubwa. Wanatoa vizibo vya masikio ukiviomba, lakini lazima uviombe, na mzee hajui kuomba asichokijua. Tulichelewa dakika 25 bila maelezo. Mambo haya yanarekebishika kwa siku moja.

Kiti cha upande wa pili alikaa mama mmoja wa Kizungu na mumewe, mtalii. Alikuwa kamshika mume mkono mpaka vidole vimekuwa vyeupe, machozi yanamtiririka bila sauti. Rubani kabla hajakaa alimwinamia. Nilisubiri nione atamwambia mzaha gani. Hakumwambia wowote. Alimuuliza jina, akamweleza zile sauti, akamwonyesha saa yake: dakika 20 tu, na ukitaka nitakuonyesha kisiwa kabla hujaanza kukitafuta. Alimpa kila mtu kipimo chake. Yule mama hakuwa na bibi yake Mkoani, mlango wa utani haukuwapo, na rubani hakuuvunja. Lakini bibi yangu, ambaye Kiingereza hajui, alimtazama yule Mzungu, akatoa haluwa kwenye mkoba, akaikata kipande, akampa. Yule mama akaipokea, akala huku analia. Tangu pale wakawa wanatazamana kila ndege ikitikisika, na kila mmoja anamtikisia mwenzake kichwa kumwambia si kitu.

Injini ilipovuma bibi alisoma dua ya safari, ile ya "Subhanalladhii sakhara lanaa haadha", kwa sauti, na waliokuwa nyuma yetu wakaitikia amin. Tukapaa. Mkono wake ulikuwa umeushika wangu, nikaona unalegea kidogo kidogo. Tulipoiacha nchi ndege ikashuka ghafla kama ngazi iliyokosekana, mtu mmoja nyuma akapiga kelele. Bibi akasema, "Korongo hilo. Kasema." Basi. Chini maji yalikuwa ya kijani, kisha buluu, na povu la kusi limetawanyika kama pamba, boti moja inapanda na kushuka. Aliitazama ile boti muda mrefu. "Wale wanatapika saa hizi," akasema, kwa huruma kabisa.

Unguja tukatua, watalii wakashuka, yule mama akamkumbatia bibi, wakapanda watu watatu wa Pemba. Ungedhani mara ya pili ni rahisi. Lakini safari ya pili inapita juu ya bahari ya Nungwi, na bibi alijua.

Rubani alikuwa mchangamfu tangu tunapaa Unguja. Aligeuka mara moja akamuuliza bibi kama yule mke mwenza wake anajua kupika pweza, akaambiwa hajui, akasikitika. Tukaipita ncha ya kisiwa, mnara wa taa unaonekana mdogo, na mbele maji yamekuwa meusi, kina kirefu. Ndani ya ndege hakuna aliyesema kitu. Mzee mmoja nyuma alikuwa kainua viganja. Bibi alifumba macho, midomo inacheza, na nikayasikia majina mawili, moja la jirani yetu na moja la mtoto wake. Rubani hakugeuka. Hakusema neno moja, wala la kupoza, mpaka vilima vya Pemba vilipotokea. Nadhani amepita pale na Wapemba mara nyingi mno kiasi cha kuijua ile dakika. Katika yote aliyoyafanya siku ile, kunyamaza kule ndiko ninakokuthamini zaidi, na nimeliandika hilo kwenye barua yangu kwa kampuni kabla ya jambo lolote jengine.

Kisha mikoko, vidau, minazi, mikarafuu imefunika vilima. Injini ikanyamaza. Mwanamke mmoja aliyepandia Unguja akashtuka, "Yarabi, imezima!" Bibi akamgeukia. "Haijazima. Inatusikiliza." Na tulipoukaribia uwanja, piii, king'ora kikalia, bibi akasema kwa sauti iliyofika mpaka mbele, "Ishachoka hiyo, ikalishe!" Ndege nzima ikacheka, rubani mabega yanamtikisika, na magurudumu yakagusa chini laini kama mkeka unavyotandikwa.

Alitushusha yeye mwenyewe. Bibi alimpa haluwa yote iliyobaki, akamwambia mahari bado anadai. Tukapata gari Chake Chake, na njia nzima hadi Wete, karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, alikuwa akimsimulia dereva habari za farumi.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Rubani na mama msimamizi wanajua kazi yao kuliko watu wengi niliowahi kuwalipa pesa, na kwa ajili yao nitarudi. Lakini kampuni haiwezi kumtegemea rubani mmoja mwenye bibi Mkoani. Siku akipumzika, mzee mwengine atakutana na mizani na kicheko, na hatakuwapo wa kuchuchumaa mbele yake. Waweke karatasi ya Kiswahili ukutani inayoeleza mizani ni ya nini na sauti zile ni za nini. Wafundishe watu wa kaunta kuamkia kwanza. Walinipigia simu wakasema wamezungumza na yule kijana. Niliwaomba wasimfukuze, na ninaomba tena hapa. Wampeleke siku moja akakae kiti cha nyuma kwenye ndege ya Pemba, apite juu ya Nungwi na watu wa Wete.

Ninyi mnaosafirisha wazee, kateni ya asubuhi, kabla jua halijaipasha nchi moto na hewa kuanza kurusha ndege. Semeni mapema kwenye kaunta kwamba mzee anaogopa, msione haya. Mwambieni habari za mizani nyumbani, akiwa amekaa.

Jicho la kushoto litatolewa mtoto wa jicho Novemba, na bibi amekubali kuja kwa ndege. Juzi amenipigia nimkatie tiketi. Nikamuuliza kama nimwombe kampuni tupate rubani yule yule. Akasema akiwapo ni heri, asipokuwapo si neno, sauti zote anazijua. Akaniuliza kama yule kijana wa mizani bado yupo. Nikasema yupo. Akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Ukimwona," akasema, "hebu n'ulizie. Bibi yake yu hai?"